Kukodi gari Mbeya au Iringa: hatua za kuhakikisha bima inakulinda kabla hujawasha injini

Kosa linalorudiwa ni lile lile. Mtu anakodi Noah pale Soweto au Harrier Iringa mjini, anatupia jicho stika kwenye kioo, anaona tarehe haijaisha, analipa na kuondoka. Siku gari linapogonga au kugongwa ndipo anaambiwa bima ni ndogo, ile isiyolipia gari lenyewe. Au ni kubwa, lakini ya matumizi binafsi. Au ni kubwa na matumizi yako sawa, ila aliyekuwa kwenye usukani hakuruhusiwa. Mwisho wa yote, mwenye gari anamgeukia aliyekodi na kumwambia alipe.

Wasomaji wanaendelea kuniandikia kuhusu jambo hili, hasa baada ya misimu ya harusi na likizo za Desemba, na karibu wote wanaandika wakati gari liko tayari gereji. Wakati huo kuna machache ya kufanya. Mwongozo huu ni wa kabla.

Shika jambo moja kabla ya yote: bima haikatiwi gari peke yake. Inakatwa kwa gari fulani, kwa kazi fulani, likiendeshwa na watu fulani. Ukikodi, mara nyingi unabadilisha viwili kati ya hivyo vitatu bila kujua.

## Andaa hivi kwanza

- Leseni yako ya udereva iliyo hai, ya daraja linalolingana na gari na kazi, pamoja na kitambulisho cha NIDA. Beba nakala za vyote viwili.
- Simu yenye chaji, intaneti na nafasi ya kutosha kwa video. Beba na pawabenki, kwa sababu ukikwama usiku Igawa hutapata mahali pa kuchaji.
- Nakala ya kadi ya gari.
- Nakala ya cheti cha bima na, muhimu zaidi, ile karatasi ya hati ya bima inayoonyesha aina ya bima, matumizi ya gari, madereva wanaoruhusiwa na kiasi ambacho mwenye bima anajibebea mwenyewe.
- Mkataba wa kukodi, nakala mbili.
- Namba ya simu ya kitengo cha madai cha kampuni ya bima. Namba ya wakala aliyeuza stika haitoshi.
- Kalamu, daftari dogo na tochi.

Usipange kufanya haya asubuhi ya safari. Fanya siku moja kabla, saa za kazi, wakati ofisi za bima zinapokea simu. Anayeanza kuulizia bima saa kumi na moja alfajiri huku ndugu wamekwisha kupanda garini hatauliza chochote cha maana.

## Hatua ya 1: Andika safari yako kwa mistari minne

Utakwenda wapi, kwa barabara zipi, nani ataendesha, na gari litabeba nini.

Sababu ni kwamba kila mstari unagusa sharti la bima. "Mbeya mjini hadi Tukuyu, lami tupu, naendesha mimi, tuko watano wa familia" ni safari moja. "Mbeya hadi Kitulo kupitia Matamba, tunapokezana na shemeji, na kurudi na magunia ya viazi" ni nyingine kabisa. Ukivuka Kasumulu kwenda Malawi au Tunduma kwenda Zambia, hiyo ni ya tatu, na ina hatua yake hapa chini.

Umefanikiwa iwapo unaweza kumsomea mwenye gari mistari hiyo minne kwa simu bila kusitasita.

## Hatua ya 2: Hakiki stika kwenye mfumo, usiiamini kwa macho

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mfumo wa kielektroniki unaoitwa TIRA MIS ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kuhakiki bima ya gari. Ingia kwenye ukurasa wa uhakiki, weka namba ya usajili wa gari au namba ya stika, usome majibu.

Linganisha vitu vitatu: namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na tarehe ya kuanza na kuisha. Kadi ya gari ikiwa mkononi, linganisha na namba ya chasi.

Kwa nini usumbuke wakati stika inaonekana? Karatasi inaweza kubaki kwenye kioo hata kama bima yenyewe imekwisha kufutwa. Kwa utaratibu wa nchi yetu, bila ada hakuna bima. Mwenye gari ambaye malipo yake hayakukamilika anaweza kuwa na karatasi nzuri isiyo na nguvu yoyote.

Onyo: ukiambiwa "mfumo unasumbua, lakini bima ipo", subiri mfumo urudi au ipigie kampuni simu. Picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp si uhakiki.

Piga picha ya majibu ya mfumo na uihifadhi. Tarehe ya kuisha ipite siku yako ya kurudisha gari kwa siku kadhaa, maana safari za huku hazirudi kila mara siku iliyopangwa. Lori likiziba barabara Kitonga, siku moja inageuka mbili.

## Hatua ya 3: Jua ni bima ndogo au bima kubwa

Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari linalotumia barabara awe na bima ya kuwalinda watu wengine wakifa au kuumia kwa sababu ya gari hilo. Hiyo ndiyo bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Inamhusu mwenye bajaji uliyemgonga Uyole, na kwa kawaida hati hugusa hata bajaji yake. Haihusiki na bampa, boneti wala taa za gari ulilokodi.

Bima kubwa inaongeza uharibifu wa gari lenyewe, moto na wizi, kwa masharti.

Wenye magari wengi wanabaki na ndogo, na sababu ni hesabu. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 na VAT ya asilimia 18. Kubwa inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo gari la milioni 30 linaweza kumgharimu mwenyewe zaidi ya milioni moja kila mwaka. Mtu anayekodisha gari moja la familia mara mojamoja anaona mzigo.

Msimamo wangu uko wazi: gari lenye bima ndogo usilikodi bila dereva kwa safari ndefu. Likibiringika Mlima Nyoka, gari zima liko juu yako. Kama huna jinsi, basi kubalianeni kwa maandishi kiwango cha juu utakachodaiwa, au chukua gari pamoja na dereva wa mwenye gari.

## Hatua ya 4: Soma neno la "matumizi", hapa ndipo wengi wanapoangukia

Ikiwa una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Kwenye hati ya bima kuna sehemu inayosema gari linatumika kwa nini: binafsi, biashara, kubeba abiria, kukodisha. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa kwa pesa, kampuni inaweza kukataa kulipa, hata kama bima ni kubwa, ada imelipwa yote na wewe hukuwa na kosa lolote barabarani. Wakati wa kukokotoa ada, kampuni ilihesabu gari la mtu anayekwenda kazini na kanisani. Haikuhesabu gari linaloshikwa na mtu mpya kila wikiendi.

Dalili ya kwanza ni namba ya gari. Namba ya njano ni ya gari binafsi, nyeupe ni ya biashara. Magari mengi yanayokodishwa mitaani yana namba za njano, kwa sababu mwenyewe alilinunua kwa matumizi yake na sasa analitafutia hela ya mafuta. Namba peke yake haithibitishi bima ilivyo, ila ukiiona ya njano, ujue swali la matumizi lazima liulizwe.

Muulize mwenye gari hivi, kwa adabu: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba kuiona ile karatasi ya bima yenye masharti, nione kama inaruhusu gari kukodishwa bila dereva." Kama ni kijana mwenzako, "kaka, naomba unitumie hati yote, si stika tu." Mwenye gari anayejali mali yake hatachukia, kwa sababu ulinzi huo ni wake kwanza.

Kisha ipigie kampuni ya bima mwenyewe. Taja namba ya gari na uulize maswali haya kwa mpangilio huu:

1. Je, bima ya gari hili iko hai leo?
2. Ni kubwa au ndogo?
3. Je, inaruhusu gari kukodishwa kwa malipo, likaendeshwa na aliyelikodi?
4. Mimi nisiye mwajiriwa wala ndugu wa mwenye gari, naruhusiwa kuliendesha?

Kampuni inaweza kukataa kujadili hati ya mteja wake na mtu wa nje. Ni haki yao. Katika hali hiyo mwombe mwenye gari apige yeye, simu ikiwa kwenye spika, au aombe jibu kwa barua pepe na kukutumia. Jibu la maandishi la mistari miwili lina thamani kuliko ahadi za mdomo za mwezi mzima.

Likijibiwa kwamba kukodisha hakumo, si mwisho. Mwenye gari anaweza kuomba nyongeza kwenye hati na kulipa tofauti ya ada. Kuna wanaokubali mkachangia gharama hiyo, hasa kama unakodi kwa wiki nzima au zaidi.

Ishara ya mafanikio ni neno "kukodisha", au maneno yenye maana hiyo, umeyaona kwa macho yako kwenye hati au kwenye barua ya kampuni.

Onyo: dalali akikushauri useme barabarani, au kwa kampuni baada ya ajali, kwamba "gari ni la mjomba", kataa. Huo ni uongo kwenye dai la bima. Kampuni itatuma mpelelezi, atakuta miamala ya simu, na dai litakufa huku wewe ukibaki na kesi.

## Hatua ya 5: Dereva ni nani hasa

Hati nyingi huruhusu dereva yeyote mwenye leseni halali aliyepewa idhini na mwenye gari. Nyingine hutaja majina, na baadhi huweka masharti ya umri au uzoefu. Uliza yote matatu.

Daraja la leseni ni sehemu ya uhalali. Daraja B ni la gari binafsi. Anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa awe kwenye madaraja ya C, kulingana na idadi ya abiria. Kwa hiyo mkikodi Kosta ya msafara wa harusi kwenda Njombe, rafiki yenu mwenye daraja B asishike usukani hata kwa kilomita moja. Chukueni dereva wa gari, mwombeni aonyeshe leseni yake, na muulizeni mwenye Kosta kuhusu leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na bima ya abiria.

Mkipokezana, jina la kila mmoja liandikwe kwenye mkataba na nakala ya leseni yake ibaki kwa mwenye gari. Shemeji anayeendesha "hadi Makambako tu ili upumzike", bila jina lake kuwepo, anatosha kuharibu dai lote.

## Hatua ya 6: Hesabu pengo litakalobaki kwako

Bima kubwa hailipi kila senti. Kuna kiasi ambacho mwenye bima anajibebea mwenyewe kwenye kila dai, na watu wa bima wanakiita ekses. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya dai, pamoja na kiwango cha chini.

Tuseme hati inasema asilimia 10 ya dai, isipungue shilingi 500,000. Umegonga, matengenezo ni 3,500,000. Asilimia 10 ni 350,000, lakini kiwango cha chini ni 500,000, kwa hiyo 500,000 ndiyo itakayotoka mfukoni. Mfuko wa nani? Mkataba usiposema, ni wako.

Kisha kuna yale ambayo hati nyingi hazilipi kabisa, au hulipa kwa nyongeza maalumu tu:

- Tairi na rimu zilizoharibika peke yake, gari lingine lote likiwa zima. Kwa barabara ya vumbi ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, hili ndilo tatizo la kwanza.
- Hitilafu ya injini, giaboksi, klachi au breki zilizoungua kwa kushuka mlima vibaya.
- Kioo cha mbele, ambacho mara nyingi kina kikomo chake. Ukifuata lori la changarawe, kokoto moja inatosha.
- Vitu vyako vilivyomo garini.
- Kipato ambacho mwenye gari anakikosa gari linapolala gereji.

Hilo la mwisho linaumiza kuliko watu wanavyodhani. Gari linalokodishwa kwa 100,000 kwa siku likikaa gereji siku 20 kusubiri taa kutoka Dar es Salaam, unaweza kudaiwa milioni mbili juu ya matengenezo. Lizungumzeni kabla, muweke kikomo.

Lipo jambo jingine ambalo anayekodi haambiwi. Kampuni ikimlipa mwenye gari, ina haki ya kusimama kwenye nafasi yake na kumdai aliyesababisha hasara. Kama hutambuliki kwenye hati kama dereva aliyeruhusiwa, anayedaiwa anaweza kuwa wewe. Ndiyo maana hatua ya 4 na ya 5 hazirukwi.

## Hatua ya 7: Mkataba wenye maneno machache yaliyo wazi

Karatasi moja inatosha. Iwe na namba ya gari, majina na namba za vitambulisho, tarehe na saa za kuchukua na kurudisha, bei, amana, madereva, na mahali gari linakwenda. Andika majina ya barabara au wilaya. "Nyanda za Juu Kusini" peke yake haitoshi.

Ongeza aya ya bima. Unaweza kutumia hii:

"Mwenye gari anathibitisha kuwa gari lina bima kubwa iliyo hai, inayoruhusu kukodishwa na kuendeshwa na madereva waliotajwa hapa. Ajali ikitokea, aliyekodi atalipa ekses isiyozidi shilingi ...... na fidia ya siku za gereji isiyozidi shilingi ...... Iwapo kampuni itakataa kulipa kwa sababu bima haikuruhusu kukodisha, hasara hiyo itakuwa ya mwenye gari."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwenye gari akikataa kuisaini, amekwisha kukujibu kuhusu bima yake. Tafuta gari jingine.

Lipa amana kwa simu au benki ili ibaki na kumbukumbu. Usiache kitambulisho halisi wala leseni halisi. Leseni utaihitaji kwa trafiki wa kwanza utakayekutana naye, na kitambulisho chako kisigeuzwe rehani. Nakala zinatosha.

Mkikodi kwa mwezi mmoja au zaidi, mpelekeeni wakili asome.

## Hatua ya 8: Piga picha gari likiwa safi na jua likiwa juu

Gari lililotoka Tukuyu msimu wa mvua linakuja na matope mpaka kwenye vitasa. Chini ya matope kuna mikwaruzo ya aliyelikodi kabla yako, na ukilirudisha limeoshwa, mikwaruzo hiyo inakuwa yako. Omba lioshwe kwanza. Ikibidi, lipia mwenyewe.

Anza na video moja isiyokatwa. Simama mbele ya namba ya gari, taja tarehe na saa kwa sauti, kisha zunguka polepole kwa mkono wa kulia mpaka urudi ulipoanzia. Washa gari, chukua dashibodi: kilomita, mafuta, taa za onyo zinazowaka. Baada ya hapo piga picha za karibu.

Inama. Chini ya bampa la mbele ndiko kunakokwaruzika kwenye matuta, na ndiko watu wasikoangalia. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kila rimu, penye kovu piga picha. Kioo cha mbele kitazame kwa upande, jua likikipiga, utaona vitobo vya kokoto ambavyo ukisimama mbele huvioni. Fungua buti: spea tairi ina upepo? Jeki ipo? Pembetatu za kuakisi na kizima moto vipo?

Mtumie mwenye gari picha zote hapo hapo, kabla hujaondoka, na umwombe ajibu "nimeziona". Hapo tarehe inabaki kwenye simu zote mbili na hakuna wa kuibishia.

## Hatua ya 9: Linganisha barabara na masharti

Barabara kuu ya TANZAM, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, ni lami, lakini miteremko yake ina sifa mbaya: Kitonga kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, Mlima Nyoka ukikaribia Uyole, na Iwambi ukielekea Mbalizi. Malori ya Zambia na Kongo yanashuka hapo na mizigo mizito. Shuka kwa gia ndogo, na kwenye gari la otomatiki ondoa D uweke gia ya chini. Breki zikiungua kwa kukanyagwa mfululizo, hiyo ni hitilafu ya kifundi na bima haitaligharamia.

Njia ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona wanayoiita Hamsini na Saba, si ya gari lolote. Muulize mwenye gari kama anaruhusu, na muulize kama hati inaweka mipaka kwa barabara zisizo za lami. Masika, swali hilo liulizwe hata kwa njia fupi za vijijini Rungwe na Kyela. Gari lililozimika ndani ya maji kwa sababu dereva aliamua kuvuka mto uliofurika ni dai ambalo kampuni italibishia.

Gari likiharibika usiku, usiliache peke yake ukaenda kulala. Hati nyingi zinamtaka dereva alinde gari kwa uangalifu wa kawaida, na vifaa vilivyong'olewa usiku bila gari lenyewe kuibwa mara nyingi havilipwi. Lisogeze kituo cha polisi, mizani au sheli, au mlipe mlinzi na uandike jina lake.

Ukivuka mpaka. Bima ya Tanzania inaishia mpakani. Kwa Malawi na Zambia, gari linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini imebaki kwenye mpango huo wa kadi. Kadi hiyo inawalinda watu wengine utakaowadhuru nje ya nchi na inagharamia matibabu ya walioumia ndani ya gari. Hailipi uharibifu wa gari lenyewe. Kwa hiyo uliza pia kama bima kubwa imeongezewa nchi unayokwenda, na beba barua ya ruhusa ya mwenye gari pamoja na kadi ya gari.

## Hatua ya 10: Ajali ikitokea

Zima injini. Weka pembetatu mbali ya kutosha, na penye kona iweke kabla ya kona. Huku milimani ukungu unaweza kushuka ghafla, na lori halisimami kwa mita kumi.

Majeruhi kwanza. Wapeleke hospitali hata kabla ya makaratasi, fomu ya PF3 itafuata kutoka polisi. Piga 112 kwa polisi, na 114 kwa Zimamoto kama kuna moto au mtu amebanwa.

Gari lisisogezwe kabla trafiki hajapima na kuchora ramani ya ajali, isipokuwa kwa kuokoa maisha. Likisogezwa kwa lazima, piga picha kwanza kutoka pande nne, barabara na alama za tairi zikionekana.

Sasa lile gumu. Watu watajaa. Bodaboda watasimama upande wa mwenzao, mzee mmoja mwenye busara atasema, "Vijana, yamalizeni hapa hapa, mpeni laki mbili akatengeneze." Kwa malezi yetu hilo ni jema, na kukataa kunaonekana kama kiburi. Lakini hati za bima zina sharti kwamba usikiri kosa, usiahidi malipo na usilipe chochote kwa niaba ya kampuni bila ridhaa yake. Ukitoa laki mbili na kusaini karatasi kwamba umekosa, unaweza kuwa umefunga mlango wa bima, na yule mtu akigundua kesho kwamba mguu umevunjika, atarudi kwako, siyo kwa kampuni.

Sema hivi: "Mzee wangu, nakuheshimu na ninampa pole ndugu yangu. Gari lina bima, na bima ndiyo itakayomtibu na kumlipa vizuri kuliko mimi. Tumsubiri trafiki." Msaidie majeruhi usafiri, maji, simu. Huo ni ubinadamu na haukuhukumu. Kusaini makosa ni jambo jingine.

Ukisubiri, kusanya haya:

- Namba na stika ya gari au pikipiki ya upande wa pili. Kama kosa ni lao, bima yao ndogo ndiyo inayopaswa kulipa gari ulilokodi.
- Jina na simu ya mashahidi wawili wasio abiria wako.
- Jina la trafiki, kituo chake, na namba ya kumbukumbu ya tukio.

Mpigie mwenye gari, kisha kitengo cha madai, siku hiyo hiyo. Baada ya simu tuma ujumbe wa maandishi wenye saa, mahali na namba za magari. Kuchelewa kutoa taarifa ni sababu nyepesi sana ya kukataliwa, nayo iko mikononi mwako kuizuia.

Usimruhusu fundi yeyote aguse gari kabla mkadiriaji wa kampuni hajaliona, hata kama ni fundi wa Mwanjelwa mnayefahamiana miaka yote. Kuvuta gari kulitoa barabarani ni sawa, ila tunza risiti.

Polisi watakupa ripoti ya ajali, ramani na ripoti ya mkaguzi wa magari. Fuatilia mwenyewe, usimwachie mwenye gari peke yake, kwa sababu faili likilala anayedaiwa ni wewe.

## Hatua ya 11: Kurudisha gari

Rudisha mchana, rudia video ile ile kwa mzunguko ule ule, na mwenye gari aandike kwenye nakala zote mbili: "Nimepokea gari, hali yake ni ......", saa na saini. Amana irudi hapo hapo au tarehe ya kurudi iandikwe. Gari lisiachwe kwa mlinzi getini huku mwenyewe akiwa safarini. Likikwaruzwa kati ya geti na yeye, hutakuwa na cha kujitetea nacho.

## Dai likikataliwa

Dai barua. Jibu la kampuni liwe la maandishi na litaje sharti lililovunjwa. Lisome pamoja na hati uliyoitunza tangu hatua ya 4.

Kama sababu haieleweki, mwenye bima aandike malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, akiambatanisha hati, ripoti za polisi na picha. Wasipomjibu au wakimjibu vibaya, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, kwa hiyo mtu wa Iringa, Njombe, Songwe au Rukwa halazimiki kwenda Dar es Salaam. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya aina hii.

Angalia neno "mwenye bima". Hati ni ya mwenye gari, kwa hiyo malalamiko yanatakiwa yabebe jina na saini yake. Wewe nenda naye kama shahidi, na mkataba wako mkononi. Iwapo ni wewe uliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari la mtu mwingine, hapo unalalamika kwa jina lako mwenyewe dhidi ya kampuni iliyokata bima ya gari hilo, na ndiyo maana ile picha ya stika yake uliyoipiga barabarani isifutwe mpaka hela iingie.